Giaboksi Iliyonguruma kutoka Makongeni hadi Fedha

Mmeniuliza, ninyi wenzangu mnaoketi nami kila Jumapili kwenye benchi la nje ya kanisa, ilikuwaje niondoke Makongeni siku ya Jumanne kwenda mahali ambapo mtu hufika kabla chai yake haijapoa, kisha nirudi Ijumaa alasiri. Niliwajibu kwa mkato, kwa kuwa jibu lenyewe ni refu na sehemu yake inaniaibisha. Sasa nimerudi pia kutoka Butere. Nimemketisha mjukuu wangu Ayuma mezani aandike, maana mimi sikusoma. Shule yangu ilikuwa karakana ya reli. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinipambe wala asinipunguze.

Sababu ya safari mnaijua. Dada mkubwa wa mke wangu Rasoa anaugua huko Butere, na alikuwa ametuma neno mara mbili akitaka kumwona mdogo wake. Nyonga ya Rasoa haimruhusu kupanda ngazi za basi, wala kuketi kutwa nzima mahali pa kubanana. Kiti anachokistahimili ni kimoja tu, cha mbele katika gari letu kuukuu la rangi ya krimu, ambalo nilipolinunua mwaka niliostaafu lilikuwa tayari na umri wa mtu mzima. Tulikuwa tumeazimia kuondoka Jumamosi. Lakini giaboksi, lile sanduku la chuma linalobeba gia, ilikuwa imenung'unika kwa miaka kadhaa, na wiki ile manung'uniko yakageuka ngurumo. Bila gari lile Rasoa asingefika, na mgonjwa hawezi kuambiwa angoje.

Makongeni hadi Kiamaiko

Niliondoka mapema, peke yangu. Rasoa alisimama mlangoni akaniuliza ninakwenda kwa fundi gani. Nilimwambia sihitaji fundi.

Nilisema hivyo kwa sababu niliamini sikio langu. Kwa miaka mingi kazi yangu katika reli ilikuwa kutia mafuta ekseli za mabehewa na kugonga magurudumu kwa nyundo nikisikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lililopasuka hulia kama chungu. Wazee walionifundisha walikuwa na dawa moja ya ekseli inayolalamika, nayo ni shahamu. Ukiipaka pale chuma kinapokutana na chuma, behewa hunyamaza hadi Kisumu. Basi nilikuwa ninakwenda Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, kununua shahamu niyeyushe, niimimine ndani ya giaboksi, nimpeleke mke wangu kwa dada yake.

Na haikuwa mara ya kwanza. Hapa ndipo aibu inapoanzia. Miaka minne iliyopita giaboksi ileile ilifunguliwa na fundi aitwaye Kariuki, aliyekuwa na kibanda chake ukingoni mwa soko la Kiamaiko. Alitia beringi mpya, ile pete ya gololi ambamo chuma huzungukia, akafunga, akaniambia, "Mzee, utasikia mluzi mdogo. Beringi mpya ina maringo yake. Endesha mwezi mmoja, kisha uniletee." Mimi sikuuvumilia mluzi ule hata wiki moja. Nilinunua shahamu, nikaiyeyusha, nikaimimina kwenye tundu la kutilia mafuta, bila kumwambia mtu. Mluzi ulikoma, nikajisifu moyoni. Baada ya miezi miwili sauti ilirudi, nene kuliko ya kwanza. Nikaenda Kiamaiko, nikasimama mbele ya kibanda cha Kariuki, na mbele ya wachinjaji na wateja nikamwita mwizi wa beringi. Alisema neno moja tu: "Lete gari nilifungue, mzee." Nilikataa. Tangu siku ile nimemwambia kila aliyekuwa na masikio, na ninyi mkiwamo, kwamba Kariuki alinitilia beringi kuukuu. Niliamini hivyo. Shahamu sikuishuku hata kidogo, kwa kuwa reli yote ilikimbia juu yake.

Turudi njiani. Barabara ya Jogoo niliipita bila shida, ngurumo ikinifuata. Nilipofika Kiamaiko, palikuwa na kundi la mbuzi walioshushwa kwenye lori wakati huohuo, wamejaza njia. Nilikanyaga klachi nirudi gia ya kwanza. Kijiti cha gia kilikataa. Gia ilikuwa imeng'ang'ania ya tatu, haiendi mbele wala nyuma, na mbuzi wamenizingira kama maji.

Kijana mmoja mwenye gamubuti, viatu virefu vya mpira, zenye damu aliinama akatazama chini ya gari.

"Buda, umebeba mbuzi wangapi huko chini? Mbona wanalia hivyo?"

Wenzake walicheka. Nilimwambia mimi si baba yake hata aniite buda. Akahamia kuniita babu kwa Kikuyu: "Sawa, guka, lakini hiyo ngoma imeshikana kabisa." Sikupenda maneno yake, lakini alikuwa amesema kweli.

Aliyenitoa katika fedheha ile ni Halima, mama wa Kiborana anayeuza vichwa, utumbo na mafuta ya mbuzi. Alinikumbuka. Aliniketisha kwenye kigoda, akanipa supu ya kichwa iliyotiwa pilipili manga, na chapati moja. Nilimwuliza kama Kariuki bado yuko, maana kwa hali ile hata adui ningemwita. Halima aliacha kukata nyama.

"Kariuki alitutoka mwaka jana, Mzee wa Reli. Kifua. Lakini binti yake ana gereji mtaa wa Fedha. Ukitaka giaboksi ifunguliwe na mtu anayejua, hakuna mwingine."

Kiamaiko hadi Fedha

Kuendesha gari kutoka Kiamaiko hadi Fedha kwa gia ya tatu peke yake ni kazi ambayo sitairudia. Gari likisimama, halianzi tena kwa nguvu zake mpaka lisukumwe. Wale vijana wa gamubuti walionicheka waliacha mbuzi wao wakanisukuma hadi barabara ya Outering. Hapo wakanikabidhi kwa mwendesha pikipiki mmoja, aliyetangulia mbele yangu akipiga honi na kuwasogeza watu.

"Wewe shikilia tu laini yako, mzee! Usibreki! Mimi nafungua njia!"

Mara tatu nililazimika kusimama, na mara tatu watu nisiowajua walitoka kwenye magari yao na vibanda vyao, wakaweka mabega nyuma ya gari langu. Mama mmoja alisukuma huku ameshika kuku kwapani. Nimewahi kusema kwenye benchi letu kwamba watu wa siku hizi hawana utu. Ayuma, andika kwamba neno hilo ninalirudisha.

Nilifika Fedha alasiri, klachi ikinuka moshi. Mbele ya gereji alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya buluu, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Niitie fundi," nikamwambia.

"Amekuja, Guka."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Nilitazama nyuma yake nione kama kuna mwanamume. Hapakuwa na mtu. Yeye aliliangalia gari kwa muda mrefu, akalizunguka, akapitisha mkono juu ya boneti. "Gari hili nalijua," akasema, nami nikadhani anajua aina yake. Jina lake ni Wangui. Aliingia chini kwa mgongo, akachomeka chuma mahali fulani, akavuta, nikasikia mlio mmoja mkavu. Gia ilikuwa imeachilia.

Usiku huo nililala kwa shemeji yangu, nyumba ya pili kutoka hapo, kwa kuwa Wangui alisema anataka kulisikiliza gari likiwa limepoa.

Fedha: kusikiliza

Jumatano asubuhi nilimkuta ananingoja. Nilianza kumweleza: beringi ni mbovu, iliwekwa ikiwa kuukuu. Aliinua mkono.

"Guka, usiniambie kilichoharibika. Niambie linalia lini."

Mafundi wengi nimewajua, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tuliliwasha. Likiwa baridi lilikuwa kimya kiasi cha kunitia aibu, kana kwamba nimekuja kumsingizia mzima ugonjwa. Wangui hakushangaa. Aliniambia ningoje. Robo saa ikapita, chuma kikapata joto, na ngurumo ikaanza kupanda taratibu, gari likiwa halina gia.

"Kanyaga klachi."

Nilikanyaga. Sauti ilififia, ikakoma.

"Achia."

Ikarudi.

"Sasa unajua," akasema. "Klachi ikikanyagwa, injini inaachana na giaboksi, na shafti ya kuingilia, ule mhimili wa mbele, inasimama. Kama sauti inasimama nayo, basi kinacholia kiko kwenye shafti hiyo. Ingekuwa beringi ya klachi, ingelia ukikanyaga, si ukiachia."

Kisha alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye ganda la giaboksi na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alisogeza ncha mbele, nyuma, kando, kama daktari juu ya mbavu. Nilimwomba nami nisikilize. Alinipa bisibisi bila kucheka, akanionyesha mahali pa kuiweka. Wenzangu, nilisikia ile ngurumo ikiwa imekaa mahali pamoja, mbele kabisa, ikikwaruza na kuteleza. Nilimwambia inalia kama chungu. Akasema, "Ndivyo. Baba alikuwa anasema inalia kama mtu anayekoroma na meno ya bandia mdomoni." Tukacheka wote wawili, nami sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka na fundi.

Fedha: kufungua

Mchana alilegeza kizibo cha chini ili kumwaga mafuta. Hakikutoka kitu. Aliingiza waya, akakoroga. Likatoka donge moja la kijivu, zito, likaning'inia, likaanguka kwenye karai. Aliligusa kwa kidole, akalinusa.

"Hii ni mbuzi," akasema.

Nilijifanya ninalichunguza karai.

Aliishusha giaboksi kwa jeki, akaifungua juu ya meza. Ndani, shahamu ilikuwa imeganda kwenye kuta, na gia zilikuwa zimejichimbia mfereji ndani yake, zikizunguka pakavu. Alitoa kila kipande, akakiosha kwa dizeli, akakipanga juu ya gunia kwa utaratibu kilivyotoka, bila kuandika popote. Mwishoni akashika beringi ya mbele. Ilikuwa imebadilika rangi ikawa buluu kwa joto, na ukiizungusha ilikwama na kukwaruza. Aliigeuza kwenye mwanga. Kwenye ukingo wake palikuwa na vitone viwili vilivyopigwa kwa nyundo.

"Hii ni alama ya baba," akasema. "Alikuwa anaipiga kwenye beringi mpya tu. Haikuzeeka, Guka. Imekufa kwa kiu, mafuta yakiwa tele. Shahamu inaganda, haiifikii." Kisha akaniuliza, akinitazama usoni: "Baada ya baba, nani mwingine ameigusa giaboksi hii?"

Nilimfikiria Rasoa mlangoni. Nilifikiria kwamba nikisema kweli, huyu atafunga milango ya gereji yake, na mimi sina pengine pa kwenda kabla ya Jumamosi. Nikasema, "Hakuna."

Wangui aliketi juu ya ndoo. "Basi ni yeye," akasema. "Ni ujanja wa wauza magari. Wanatia mafuta ya mnyama linyamaze mpaka liuzwe. Sikujua baba alikuwa mtu wa hivyo." Akairudisha beringi juu ya gunia. "Siku uliyokuja kumwita mwizi nilikuwepo. Nilikuwa nimembebea chai. Nimekuchukia miaka minne, Guka, kumbe ulikuwa na haki. Unisamehe."

Aliinuka akaanza kulisafisha ganda. Mimi nilitoka nje.

Asubuhi ya Alhamisi nilirudi nikamkuta anachonga gasketi ya kuzuia mafuta yasivuje. Alikuwa ameweka karatasi juu ya ganda, anagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka karatasi inakatika yenyewe kwa umbo la chuma, bila mkasi. Mkono ule ulikuwa wa mtu aliyefunzwa vizuri, na nilijua nani aliyeufunza. Sikuketi.

"Mwanangu, acha nyundo," nikamwambia. "Baba yako hakutia shahamu. Niliitia mimi, kwa mkono wangu, baada yake. Jana nilikudanganya."

Aliniuliza kwa nini nilidanganya. Nilimweleza habari za Rasoa na dada yake. Alitoka nje, akasimama kando ya barabara amenipa mgongo. Niliona kwamba safari ya Butere imekwisha. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulimwita mwizi."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Nitalimaliza gari lako, kwa ajili ya shosho, mkeo aliyeko nyumbani. Lakini ukitoka hapa usielekee Makongeni. Elekea Kiamaiko. Ulimchafua kwa sauti, msafishe kwa sauti."

Alifanya kazi siku ile nzima. Alitia beringi mpya, akabadilisha ringi mbili za shaba zilizolika, akarudisha kila kipande kutoka kwenye gunia kwa mpangilio wake, kinyumenyume, mkono wake usikosee hata mara moja. Kabla ya kuifunga aliipiga beringi vitone vitatu. Vitone viwili vilikuwa alama ya baba. Cha tatu, alisema, ni chake. Nimeona mafundi wa reli walioshinda medali, lakini kazi safi kuliko ile sijaiona.

Fedha hadi Kiamaiko

Ijumaa asubuhi tulilijaribu gari. Nilipanda gia ya kwanza hadi ya nne, nikashuka, nikarudi nyuma. Palikuwa na mluzi mwembamba sana. Nilimtazama Wangui.

"Mwezi mmoja," akasema. "Na usitie kitu."

"Sitatia kitu," nikamwambia.

Nilikwenda Kiamaiko. Soko lilikuwa limejaa, wachinjaji wanapigiana kelele za bei. Nilisimama mahali palepale nilipomtukania Kariuki. Kibanda chake sasa ni cha mwuza ngozi. Nilivua kofia. Nikasema kwa sauti ya karakana kwamba mimi, Ambani wa Makongeni, nilimwita Kariuki mwizi, na kwamba beringi yake ilikuwa mpya na kazi yake ilikuwa safi, na aliyeiharibu giaboksi ni mimi kwa shahamu ya mbuzi.

Wachinjaji waliacha kelele zao za bei. Kisha yule kijana wa gamubuti akauliza, "Guka, yaani uliipikia gari?" Soko zima likaangua kicheko. Sikukasirika; kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kicheko kile ni haki yao.

Halima alinisogelea, akanishika mkono.

"Alijua," akasema.

"Nani?"

"Kariuki. Mimi ndiye niliyekuuzia mafuta yale, na uliponunua uliniuliza kama yakiyeyuka yanaganda tena. Nani anayepika huuliza hivyo? Siku uliyomtukana nilimwambia. Nikamwambia, simama useme, ujisafishe. Akakataa. Alisema giaboksi haifunguliwi ikiwa moto, wala mzee. Alisema utarudi ukipoa."

Nilirudi kwenye gari, nikaliwasha, nikausikiliza ule mluzi hadi Makongeni.

Makongeni hadi Butere

Jumamosi tulimketisha Rasoa kwenye kiti chake, mto nyuma ya mgongo, tukaondoka. Tulipanda hadi Limuru. Kisha akanigeukia.

"Hili gari limekuwa kimya mno. Miaka yote hii nilikuwa sikusikii kwa sababu yake. Sasa itabidi uongee."

Basi niliongea. Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa maneno mengi nyumbani. Niliongea hadi Nakuru, tukala viazi na yai kando ya barabara, nikaendelea. Nilimweleza mluzi, shahamu, Kariuki, Wangui, na soko. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Uliyeyusha kwa chombo gani?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Nikamwambia ni ile sufuria yake kubwa, aliyopewa na kina mama wa kanisa, aliyoitafuta mwezi mzima na kumshuku jirani. Niliitupa kwa sababu harufu haikutoka. Rasoa aligeuza uso dirishani hadi tulipopita Molo na Mau Summit.

Tulimkuta dada yake kitandani, amekonda, sauti yake imebaki kidogo. Watu wa nyumba walituambia hajatabasamu tangu mvua zilipoanza. Rasoa aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, na badala ya pole akasema: "Dada, huyu mzee unayemwona hapa mlangoni alipika mbuzi ndani ya sufuria yangu, akamlisha gari."

Mgonjwa alinitazama. Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani ni maumivu, nikataka kuwaita watu wa nyumba. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka wakamwinua aketi, akaomba maji, akasema, "Anza tena mwanzo, usiruke kitu." Nami nilisimama pale mlangoni, kofia mkononi, nikamsikiliza mke wangu akiyasimulia makosa yangu moja baada ya jingine, na kila aliposahau mahali nilimkumbusha.